Mbuzi Kwenye Kioo: Mwongozo wa Kutuliza Kishale Kinachoruka

Usiku wa Jumapili, kamati ya harusi ya mpwa wangu ilikutana sebuleni kwangu. Wajumbe wanataja ahadi zao, mimi katibu naandika kwenye kompyuta mpakato. Baba mdogo akasema hamsini elfu, nikaandika 50000. Shangazi akasema laki moja. Nilipokuwa naimalizia laki ya shangazi, ubavu wa kiganja changu ukaigusa tachipadi, kile kibao cha mguso kilicho chini ya kibodi. Kishale kilikuwa kimejipumzisha juu ya mstari wa baba mdogo. Kompyuta ikaelewa kwamba nimebofya pale, na sifuri ya mwisho ya shangazi ikaenda kujipanga kwa baba mdogo. Orodha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita: "Mwanangu, nusu milioni nimeahidi lini?" Shangazi, ambaye sasa alisomeka elfu kumi, hakupiga simu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia Linux, iwe Ubuntu, Mint, Debian, Fedora au ndugu yao mwingine, na kishale chake kina tabia za mbuzi: kinaruka ua, kinagoma katikati ya njia, kinalala na hakiamki. Wengi wakimwona mbuzi huyu hukimbilia moja ya kauli mbili: "Linux ndivyo ilivyo," au "Futa hiyo, weka Windows." Zote mbili nazikataa. Kishale hakiruki bila sababu, na mfumo huria una jambo moja ninalolipenda kwa moyo wote: ukiuliza, unajibu. Mguso wako unapita vituo kadhaa kutoka kwenye ngozi ya kidole hadi kwenye kioo, na kila kituo kina dirisha la kuchungulia. Mbuzi amejificha kwenye kimojawapo. Tunamfuata kituo kwa kituo.

Kabla ya msako

Tafuta kwanza namna ya kuishi bila tachipadi. Kipanya cha waya cha kuazima kinatosha. Kama hakipo, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja; kwenye Ubuntu na Mint litafunguka dirisha la teminali, na humo utafanya karibu kila kitu kilichomo katika mwongozo huu kwa kibodi peke yake. Kwingineko, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, andika neno "terminal", piga Enter.

Kisha chukua daftari uandike ugonjwa kwa sentensi kamili. "Imeharibika" si ugonjwa, kama vile "naumwa" isivyomtosha daktari. Andika hivi: kishale kinaruka nikiwa nachaji tu. Au: kinakufa nikifunga kifuniko na kufungua tena. Au: kinafanya kazi, lakini vidole viwili haviteremshi ukurasa. Au: kinabofya chenyewe. Hizo ni sentensi nne na zina matibabu manne tofauti kabisa. Andika pia lilianza lini na nini kilifanyika siku hiyo. Fundi aliifungua kuongeza memori? Mfumo ulisasishwa? Chaja ya zamani ilikufa ukaazima nyingine? Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na mipangilio wakati jibu lilikuwa waya bapa wa tachipadi ambao fundi hakuurudisha vizuri alipobadilisha kibodi. Waya ule ni mwembamba kama utepe, na ukikaa upande hata kidogo padi inafanya kazi leo na kugoma kesho.

Kidole ni ndoo ya maji ya chumvi

Tachipadi haihisi uzito wa kidole chako. Chini ya ule uso laini kuna wavu wa nyaya nyembamba sana, za kwenda na za kukatiza, na kila zinapopishana kuna chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu ni maji yenye chumvi, kwa hiyo kidole kikikaribia kinavuta sehemu ya chaji hiyo. Chipu iliyo chini inapima mabadiliko hayo mara nyingi kwa sekunde, inakokotoa katikati ya kidole iko wapi, na kutuma namba. Gusa padi kwa kijiti cha kibiriti: hakuna kitu. Gusa kwa kidole: kishale kinaenda.

Kampuni iliyosaidia sana kuieneza teknolojia hii, Synaptics, ilianzishwa mwaka 1986 na Federico Faggin, mhandisi aliyeongoza usanifu wa chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971, pamoja na Carver Mead, mwalimu wa Caltech. Walianza wakitaka kuiga mishipa ya fahamu kwa saketi. Ujuzi ule wa kusoma mabadiliko madogo ya umeme ndio ukaja kusoma vidole vyetu.

Naeleza haya kwa sababu ukishajua padi inapima umeme, nusu ya utundu wa mbuzi unajieleza wenyewe. Jasho ni maji ya chumvi. Mwezi wa Februari hapa Dar es Salaam kiganja kinalowa kabla hujamaliza aya ya kwanza, na tone moja la jasho kwenye padi ni kidole cha pili ambacho hukukiweka. Mafuta ya chapati nayo yanaacha utando, kidole kinakwama na kuteleza. Kwa hiyo dawa ya kwanza haihitaji amri yoyote: zima kompyuta, lowesha kidogo kitambaa laini kisichoacha nyuzi, futa padi, kausha, kausha na mikono. Usinyunyize maji wala spiriti moja kwa moja juu yake; kingo za padi zina upenyo, na chini ya upenyo kuna bodi.

Kalamu kwenye tundu la tatu

Sasa chomoa chaja. Fanya hivyo kabla hujaandika amri hata moja. Kama kishale kinatulia chaja ikitoka na kurukaruka chaja ikirudi, acha kuilaumu Linux, maana ungeweka mfumo wowote duniani mbuzi angeendelea kucheza.

Soketi zetu za Tanzania, Kenya na Uganda zina matundu matatu, kwa mtindo wa Uingereza. Lile la juu ni la athi, waya wa ardhini. Pini yake ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: inaingia kwanza, inasukuma vifuniko vya ndani, ndipo matundu ya chini yanafunguka. Lakini kompyuta nyingi tunazonunua zimetumika nje, na chaja zake zina plagi ya miguu miwili. Haziingii. Basi tunafanya nini? Sote tunajua. Tunachukua kalamu, tunaichomeka kwenye tundu la athi, vifuniko vinafunguka, plagi ya miguu miwili inaingia, na kalamu inabaki pale imesimama kama bendera. Sebuleni kwangu kalamu ya namna hiyo ilikaa mwaka mzima.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa kompyuta ili kupunguza kelele za umeme. Athi ikiwepo, uchafu unaovuja kupitia kapasita hizo unaenda ardhini. Athi isipokuwepo, bodi nzima ya kompyuta inaelea juu kwa takriban nusu ya volti za ukutani, yaani kiasi cha volti 115 kwenye umeme wetu wa 230. Mkondo wenyewe ni mdogo mno, ndiyo maana unasikia tu mtekenyo ukipitisha mkono juu ya kompyuta ya bati ikiwa kwenye chaji. Kwako ni mtekenyo. Kwa tachipadi, ambayo kazi yake yote ni kupima chaji ndogo mno, ni ngoma inayopigwa sikioni mwa mtu anayejaribu kusikia mnong'ono. Inaona vidole ambavyo havipo.

Fanya jaribio hili, ni zuri hata kuwaonyesha watoto. Kompyuta ikiwa kwenye chaji na kishale kikiruka, shika kwa mkono wa pili kitu cha chuma cha kompyuta hiyo hiyo, kwa mfano ganda la tundu la flashi, kisha endelea kusogeza kishale. Mara nyingi kinatulia, kwa sababu sasa mwili wako na bodi vinapanda na kushuka pamoja. Hapo umemkamata mbuzi kwa pembe.

Matibabu ni waya wa chaja wenye plagi ya miguu mitatu, pale ambapo chaja ina nafasi ya waya huo. Ukinunua adapta, hakikisha mguu wa athi umeunganishwa kweli ndani na si kipande cha plastiki cha kufungulia vifuniko tu. Chaja ya miguu miwili kwa asili haina athi hata ukiivalisha adapta ya aina gani. Hapo suluhisho ni kutafuta chaja nyingine iliyotengenezwa na athi, au kuchaji kwanza na kufanya kazi baadaye. Na kama soketi ya ukutani ina matundu matatu lakini nyuma yake hakuna waya wowote wa ardhini, jambo ambalo nimelikuta kwenye nyumba za kupanga zaidi ya mara moja, mwite fundi umeme aliyesajiliwa. Hilo linahusu uhai wa watu wa nyumba, mbali na kishale.

Na kalamu itoeni. Mtoto anayewaona wakubwa wakichomeka vitu kwenye soketi naye atachomeka, na atachagua chuma.

Padi iliyovimba

Kitufe cha padi kikikataa kubonyea, au kikijibofya chenyewe, weka kompyuta juu ya meza iliyonyooka uitazame kwa ubavu. Inayumba? Kifuniko hakifungi sawasawa? Padi imeinuka kama andazi? Betri imevimba. Betri za lithiamu zikichoka hutoa gesi ndani ya mfuko wake, na kwenye kompyuta nyingi mfuko huo unakaa chini ya padi. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena. Usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa, usiitupe kwenye taka zinazochomwa. Ipeleke kwa fundi itolewe, na umwambie kabla hajaishika. Kuna mtu alinieleza kwamba alikuwa anailazia kitabu kizito usiku ili inyooke. Nilimwomba asimamishe mazungumzo, akaitoe kwanza chumbani wanamolala watoto.

Kuiuliza kerneli

Kama umefuta, umechomoa, umetazama ubavu na mbuzi bado anaruka, sasa tunaingia ndani. Kituo cha kwanza cha programu ni kerneli, moyo wa Linux, ambao Linus Torvalds alianza kuuandika mwaka 1991. Iulize inaona vifaa gani vya kuingizia:

cat /proc/bus/input/devices

Itakuletea aya nyingi. Tafuta yenye neno Touchpad, au majina kama Synaptics, ELAN au ALPS. Kuna majibu matatu. La kwanza, padi ipo kwa jina lake: vizuri, endelea kituo kinachofuata. La pili, haipo kabisa: kerneli haijaiona. Angalia kama imezimwa kwa kitufe cha Fn kilichochorwa alama ya padi, maana kidole hupita pale bila mtu kujua. Kisha washa upya uingie kwenye bayosi, uone kama imefungwa huko. La tatu ndilo linalowachanganya wengi: padi ipo, lakini imeandikwa PS/2 Generic Mouse. Hapo kerneli imeipokea kama kipanya cha kawaida cha miaka ya nyuma. Kishale kitatembea, lakini vidole viwili haviteremshi ukurasa, wala hutaweza kuizuia isisikie kiganja, kwa sababu kipanya hakijui kiganja ni nini.

Asili yake ni kwamba padi nyingi zina njia mbili za kuongea. Ipo njia ya zamani ya PS/2, iliyokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, na ipo njia mpya zaidi kupitia I2C au SMBus, yenye nafasi ya kubeba habari za vidole vingi. Kompyuta ikiwaka, draiva zinaamua zitumie ipi, na wakati mwingine zinakosea. Soma zilivyoamua:

sudo dmesg | grep -iE "psmouse|i2c_hid|elan|synaptics"

Kwenye baadhi ya kompyuta utakuta ujumbe ambao kila nikiusoma nafurahi. Kerneli inasema kwamba padi yako imedai inaweza kutumia njia nyingine, inakushauri ujaribu kuweka psmouse.synaptics_intertouch kuwa 1, na inakuomba uwaandikie watunzaji kuwaambia matokeo. Mashine inakueleza shaka yake, inakupa dawa ya kujaribu, na inaomba majibu. Ni mfumo gani mwingine uliwahi kukuomba hivyo?

Jaribu kwa muda kwanza. Kompyuta inapowaka, shikilia Shift au gonga Esc hadi orodha ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, itokee, bonyeza herufi e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, na mwisho wake andika:

psmouse.synaptics_intertouch=1

Kisha bonyeza Ctrl na X. Neno hilo litadumu kwa uwashaji huo mmoja tu. Likiharibu mambo, washa upya na limefutika. Likisaidia, ndipo ufungue faili la /etc/default/grub, uliongeze ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, na kumalizia kwa sudo update-grub kama uko kwenye Ubuntu, Mint au Debian. Kama tayari ilikuwa inatumia njia mpya na inasumbua, jaribu 0 badala ya 1.

Hapa nina ombi zito. Usibandike amri tano ulizookota mahali. Kijana mmoja wa jirani aliniletea kompyuta ambayo alikuwa amebandika kila dawa aliyoikuta: maneno sita kwenye GRUB, draiva mbili zinazogombana, na faili la mipangilio la mtu mwenye kompyuta nyingine kabisa. Padi yake ya mwanzo ilikuwa na tatizo dogo. Tulipotoa vyote kimoja kimoja, tatizo hilo liliisha kwa kuondoa kipokezi cha kipanya, kama nitakavyoeleza. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, na kama hakikusaidia kirudishe kilivyokuwa kabla ya kushika kingine.

Nani anamsukuma mbuzi?

Kerneli ikishaiona padi, inazipitisha namba kwa libinput, maktaba inayotafsiri miguso kuwa mwendo, mbofyo au kuteremsha ukurasa. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, na kazi kubwa ya kuilea imefanywa na Peter Hutterer, mtu aliyezichambua tachipadi kwa uvumilivu ambao sijauona kwa mwingine. Weka zana zake, libinput-tools kwenye Ubuntu na Debian, libinput-utils kwenye Fedora, kisha andika:

sudo libinput debug-events

Sasa kaa kimya. Mikono magotini. Tazama. Kila mstari unaotokea ni kifaa fulani kinachosema, na mwanzo wa mstari unataja ni kifaa gani. Kama mistari ya POINTER_MOTION inamiminika wakati hakuna kidole kilichogusa padi, na kifaa kinachotajwa ni padi yenyewe, rudi kwenye chaja, unyevu na ule waya bapa. Kama kinachotajwa ni kifaa kingine, umemkuta msukumaji. Kwenye ThinkPad mara nyingi ni kile kinundu chekundu cha katikati ya kibodi, TrackPoint, ambacho kipo tangu mwaka 1992. Hujisahau na kudhani bado kinasukumwa. Kiachie kabisa kwa sekunde chache, kitajisawazisha. Kioo cha mguso chenye ufa nacho husukuma kishale kama mzimu.

Ukitaka namba mbichi kabla libinput haijazitafsiri, weka evtest, andika sudo evtest, chagua padi kwenye orodha, pitisha kidole polepole kwa mstari ulionyooka. Namba za X zikipanda kwa utulivu na kishale bado kikiruka, kosa liko juu, kwenye mipangilio. Namba zenyewe zikiruka, kosa liko chini, kwenye kifaa au umeme. Jaribio hili la dakika mbili linakuokoa kufuta mfumo mzima bure.

Kuhusu mipangilio, kwa wenye mazingira ya mezani ya GNOME, itazame yote kwa pamoja:

gsettings list-recursively org.gnome.desktop.peripherals.touchpad

Angalia send-events. Ikisomeka disabled, mtu ameizima padi. Ikisomeka disabled-on-external-mouse, padi inazimwa kila kipanya kinapochomekwa, na hapo ndipo yule kijana alipokwama: kipokezi cha kipanya kisichotumia waya, kidogo kama punje ya hindi, kilikuwa kimesahauliwa kwenye tundu la pembeni. Kipanya chenyewe kilishapotea miezi kadhaa nyuma. Kompyuta iliendelea kuamini kipo na kuifunga padi kwa heshima yake.

Na kabla ya kuweka draiva ya zamani inayoitwa xserver-xorg-input-synaptics, andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, draiva hiyo haitafanya chochote, kwa kuwa huko miguso yote inapita libinput. Ikijibu x11, itaishika padi na kuifanya mipangilio ya GNOME isiifikie tena. Ukikuta mtu aliiweka zamani, kuiondoa mara nyingi ndiyo tiba.

Kiganja cha katibu

Turudi kwenye sifuri ya shangazi. libinput ina kinga ya kiganja: mguso unaoanzia kwenye kingo za padi huuchukulia kwa mashaka, na ukiwa unaandika huifunga padi kwa muda mfupi hadi vidole vitulie. Kinga hii ya pili inaitwa disable-while-typing. Iwashe hivi:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad disable-while-typing true

Yangu ilikuwa imewashwa. Kwa nini basi sifuri ilihama? Ilinichukua jioni mbili kuelewa. Kinga hiyo inahusu kibodi ya ndani ya kompyuta. Ukichomeka kibodi ya nje haikuhusu, na ina mantiki, maana mikono yako iko mbali na padi. Lakini baadhi ya kompyuta zimeunganisha kibodi yake ya ndani kupitia USB, na libinput inaweza kuidhania ya nje. Hapo unaandika ukurasa mzima na padi iko wazi kama mlango wa duka. Tiba ni faili dogo, /etc/libinput/local-overrides.quirks, lenye mistari hii:

[Kibodi yangu ya ndani]
MatchUdevType=keyboard
MatchName=jina la kibodi kama lilivyo kwenye orodha
AttrKeyboardIntegration=internal

Jina kamili unalipata kwa sudo libinput list-devices. Hifadhi, toka kwenye akaunti, ingia tena. Nilipofanya hivyo nilikaa nikaandika orodha nzima ya ahadi huku nimelaza viganja vyote juu ya padi, na hakuna sifuri iliyohama.

Kama ubofyaji kwa kugusa unakuudhi kwa ujumla, uzime: tap-to-click iwe false, ubofye kwa kubonyeza padi. Kwa katibu yeyote anayeandika fedha za watu, nashauri hivyo bila kusita.

Aliyelala hataki kuamka

Padi inayokufa baada ya kompyuta kulala kwa kawaida haijafa. Draiva imepoteza mazungumzo nayo. Itoe uirudishe:

sudo modprobe -r psmouse && sudo modprobe psmouse

Kama padi yako inapita I2C, weka i2c_hid_acpi mahali pa psmouse. Ikiamka, unajua ugonjwa ni nini, na unaweza kuiweka amri hiyo kwenye hati ndogo ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/ ili ijiendeshe kila kompyuta inapoamka. Isipoamka, zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha washa. Chipu ya padi ina kumbukumbu yake, na wakati mwingine hadi ikose umeme kabisa ndipo inaanza upya.

Yote yakishindikana, pakua toleo jipya la Ubuntu au Fedora, liweke kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Padi ikitulia humo, kerneli mpya inakijua kifaa chako kuliko ya zamani, sasisha mfumo. Ikiruka vilevile, peleka kwa fundi ukiwa na daftari lako. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue kule Nairobi wana padi za kubadilishia, na utamwambia kwa uhakika kwamba ni kifaa.

Na kama umegundua kosa liko kwenye programu, toa taarifa. Kutoa taarifa ni kusaidiana, na jina Ubuntu lenyewe linatukumbusha hilo: ni neno la Wazulu na Waxhosa, ndugu wa utu wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakatafsiri neno kwa neno. Kompyuta zetu zilizotumika, kwenye joto letu na soketi zetu, ni majaribio ambayo msanidi wa Brisbane au Ufaransa hawezi kuyafanya mezani kwake. Rekodi miguso kwa sudo libinput record. Kwa kawaida inaficha herufi unazoandika, kwa hiyo nenosiri lako haliendi popote. Ambatisha jibu la uname -r na jina la modeli ya kompyuta. Eleza kwa Kiingereza kifupi au kwa msaada wa rafiki. Mimi nilipeleka ya kibodi yangu, ili mtu mwingine mwenye modeli kama yangu asilazimike kuandika lile faili.

Kikao cha mwisho cha kamati kilifanyika sebuleni pale pale. Chaja ilikuwa na waya mpya wa miguu mitatu. Baba mdogo alikaa karibu nami makusudi, akatazama kioo hadi mstari wake ulipopita: 50000. Akaridhika, akaomba asaini kwenye daftari la michango pia, kwa usalama. Nikampa kalamu, ile iliyokuwa kwenye soketi. Ilikuwa bado inaandika.